Printa ya Nunguni na Muhuri wa Microsoft

Makueni ilipomegwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992 na makao yake kuwekwa Wote, mkazi wa Nunguni aliyehitaji karatasi yenye muhuri wa serikali alijua kwamba hana budi kuteremka milima ya Kilungu, kupoteza siku barabarani, na pengine kupoteza nyingine mbele ya dirisha la karani. Leo safari hiyo, kwa sehemu kubwa, imekuwa ya hatua chache hadi kwenye duka la saiba. Hapo ndipo ombi la cheti cha kuzaliwa hujazwa katika eCitizen. Hapo ndipo PIN ya KRA hutafutwa, na mwanafunzi huomba mkopo wa HELB. Na tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, hapo ndipo wengi wasioweza kujisajili kwa simu zao huenda kusaidiwa.

Haya ni maendeleo, na hayafai kubezwa. Lakini yamezaa hali ambayo hatujaitafakari ipasavyo. Nambari ya kitambulisho, majina ya wazazi, nambari ya simu na nyaraka za familia nzima hupitia kompyuta moja inayokaliwa na wateja kwa zamu, na kompyuta hiyo aghalabu imeunganishwa na printa. Ni printa hiyo ninayotaka tuizungumzie. Kila mara serikali inapowatahadharisha wananchi kuhusu wadukuzi, tunaambiwa tufiche nywila zetu na tusifungue barua pepe za watu tusiowajua. Ushauri huo ni mwema. Hata hivyo, ni nadra kumsikia afisa yeyote akiitaja ile programu ndogo iliyokuja na printa.

Programu hiyo mafundi huiita draiva, na jina hilo lisimpotoshe msomaji akadhani tunamzungumzia dereva wa matatu ya kwenda Salama. Kwa ufupi, kompyuta ina matabaka ya madaraka. Mtumiaji wa kawaida huandika, huchapisha na hufungua intaneti, lakini hana ruhusa ya kugusa mafaili ya wengine wala kuzima ulinzi. Juu yake yupo msimamizi. Na juu ya wote kuna kiini cha mfumo wenyewe, ambacho hakiulizwi na yeyote. Draiva ndiyo inayokiunganisha kiini hicho na kifaa, kiwe printa, kamera au kadi ya mtandao. Huandikwa na kampuni iliyotengeneza kifaa, wala si na iliyotengeneza mfumo. Na bado nyingi kati ya draiva hizo hufanya kazi ndani ya kiini, kwa madaraka yote ya kiini.

Fikiria hospitali inayomruhusu fundi wa kampuni ya nje kufika hadi stoo ya dawa kwa kuwa ana barua yenye muhuri. Fundi huyo si mwizi. Ila ana kasoro moja: hufungua mlango kwa yeyote amwambiaye fungua, bila kumwuliza ni nani wala ametumwa na nani. Basi mgeni aliyeruhusiwa kuketi kwenye benchi la wagonjwa tu hana haja ya kuvunja kufuli, humnong'oneza fundi.

Hayo si mambo ya kubuni. Mnamo Julai 2021 watafiti wa kampuni ya SentinelOne walitangaza kasoro ya namna hiyo hasa katika draiva ya printa za HP, Samsung na Xerox. Draiva yenyewe ilikuwa ikisambazwa tangu 2005, na ilihusu aina zaidi ya 380 za printa za HP na Samsung pekee. Ilipokea maandishi kutoka kwa mtumiaji yeyote, ikamwachia mtumiaji huyohuyo ataje urefu wake, kisha ikayanakili bila kupima kama chombo kinatosha. Aliyejua alichokuwa akifanya angeweza kuyamwaga yakafurikia sehemu zisizo zake, na kutoka hapo akajitwalia madaraka ya kiini. La kushangaza zaidi, draiva hiyo ilipakiwa kila kompyuta ilipowashwa, hata kama printa ilikuwa imekwisha kuchomolewa na kuuzwa. HP ilikuwa imetoa marekebisho miezi miwili kabla ya tangazo, na watafiti walisema hawakuona ushahidi kwamba kasoro hiyo ilikuwa imetumiwa na wahalifu. Lakini kwa miaka 16 mlango ulikuwa wazi, na marekebisho hayamfikii mtu ambaye hajui kwamba anayahitaji.

Miezi miwili kabla ya hapo, Mei 2021, watafiti haohao walikuwa wamefichua kasoro kama hizo katika draiva ya kompyuta za Dell, iliyosambazwa tangu 2009 katika mamia ya mamilioni ya mashine. Hii nayo haikubaki nadharia. Kampuni ya ESET ilieleza mwaka 2022 kwamba kundi la Lazarus, linalohusishwa na Korea Kaskazini, liliitumia draiva hiyo katika vuli ya 2021 dhidi ya mfanyakazi wa kampuni ya vyombo vya anga nchini Uholanzi na mwandishi wa habari za siasa nchini Ubelgiji. Tena wadukuzi hao hawakuhitaji kuikuta draiva kwenye kompyuta za walengwa. Walikuja nayo wenyewe. Walipokwisha kupata madaraka ya msimamizi, waliipakia draiva mbovu yenye sahihi halali, wakaitumia kuingia katika kiini, na humo wakavipofusha vyombo vya ulinzi.

Mkulima wa Kilungu ataelewa jambo hili upesi kuliko waziri. Unaweza kuchimba matuta yako vizuri na kuyapandia nyasi. Lakini tuta la jirani aliye juu yako likibomoka usiku wa mvua, udongo wako ndio utakaoteremka bondeni.

Msomaji atauliza: sahihi hizo ni za nini basi? Tangu 2016 Microsoft imedai kwamba draiva mpya za kiini zipitie kwake na kupata sahihi yake kabla ya kukubaliwa na Windows 10. Sahihi hiyo yaonyesha draiva imetoka kwa nani na kwamba haikuchakachuliwa njiani. Haisemi kwamba iliandikwa vizuri. Wengi wetu tunaichukulia kama cheti cha usalama, na kosa hilo hufanywa hata na watu waliosoma. Ni kweli Microsoft ina orodha ya draiva zilizopigwa marufuku. Lakini mnamo Oktoba 2022 ilibainika kwamba kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 orodha hiyo haikuwa imesasishwa kwa karibu miaka mitatu, na kampuni yenyewe ikakiri na kuahidi kurekebisha. Mlinzi alikuwa langoni, ila picha za wahalifu alizopewa zilikuwa za zamani.

Wapo watakaosema haya ni ya Ulaya. Mapema mwaka 2023 kundi la kudai kikombozi lijiitalo Medusa lilidai kuiba data za Halmashauri ya Viwanja vya Ndege nchini Kenya. Njia lililoitumia huko si jambo la kukisia hapa. Ninalolijua ni kwamba Machi 2025, shirika la upelelezi la Marekani FBI na idara ya usalama wa mitandao CISA zilitoa tahadhari kuhusu kundi hilohilo, zikataja waathiriwa zaidi ya 300, na zikaeleza kwamba wanachama wake wamejaribu kutumia draiva zenye kasoro au zenye sahihi ili kuua programu za ulinzi. Wanaotumia ujanja huu, kwa hiyo, tayari wanaijua njia ya kuja kwetu.

Na sisi tumefanya nini? Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ilitungwa mwaka 2018. Oktoba 2025 Rais alitia sahihi marekebisho yake, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vipengele. Mjadala uliotikisa nchi ulihusu nani anaweza kushtakiwa kwa maneno aliyoyaandika mtandaoni. Mjadala huo ulistahili, kwa kuwa uhuru wa kusema si jambo dogo. Lakini nastaajabu kwamba nchi inaweza kubishana kwa majuma kuhusu midomo ya raia wake, na isitenge hata siku moja kujadili mashine zinazobeba siri za raia haohao.

Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni zabuni. Ofisi ya umma inaponunua printa au kompyuta, huuliza bei, kasi na dhamana ya mwaka mmoja. Haina budi kuuliza pia: ni nani atakayerekebisha draiva za kifaa hiki, na kwa miaka mingapi? Muuzaji asiyeweza kujibu asipewe zabuni, hata kama bei yake ndiyo ya chini kabisa. Jambo hili ni la dharura zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa hazina kidude cha usalama ambacho mfumo huo unakidai. Vijijini mashine kama hizo hazitupwi, huuzwa tena.

Kuna mengine yasiyohitaji fedha nyingi. Fundi mmoja wa kaunti anaweza kuzunguka ofisi za Kilungu na kuondoa draiva za vifaa ambavyo havipo tena, kuweka mpya penye zilizochakaa, na kuhakikisha kwamba orodha ya marufuku imewashwa. Wateja wa saiba nao wapewe akaunti ya mtumiaji wa kawaida. Pale ambapo kila anayeketi hutumia akaunti ya msimamizi, mdukuzi amekwisha kurahisishiwa nusu ya safari.

Limebaki suala la Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inamtaka mwenye kuhifadhi data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu kwamba zimevuja na kwamba wenye data wamo hatarini. Neno zito hapo ni kufahamu. Aliyefika kwenye kiini huzima kengele kabla ya kugusa kabati, na ofisi iliyoibiwa huendelea kuhudumia watu kama kawaida. Kamishna Immaculate Kassait angefanya jambo la maana kuzieleza ofisi za kaunti hesabu ya saa hizo huanzia wapi pale ambapo kengele yenyewe ilikuwa imezimwa, na ni kumbukumbu gani ambazo ofisi ilipaswa kuziweka nje ya mashine hiyo ili ukweli ujulikane baadaye.