Chamgei Ni Kitenzi

Shuleni kwetu, upande wa Bomet, tulikariri aina nane za maneno ya Kiingereza kama wimbo: noun, pronoun, verb, adverb, adjective, preposition, conjunction, interjection. Aliyekwama alibaki amesimama. Aliyeropoka Kipsigis alivishwa kibao shingoni hadi amnase mwingine. Na aliyefeli aliambiwa: "Wewe utaishia kuchuna majani chai."

Mama yangu alikuwa anachuna majani chai.

Sina shida na Kiingereza. Niliacha chuo mwaka wa pili na leo nalipa nyumba kwa kuhariri Kiingereza cha watu. Shida yangu ni ule uongo tuliouziwa, ati sarufi ni mali ya Kiingereza na sisi wengine tuna kelele tu.

Chukua salamu yetu, "Chamgei". Ndani yake kuna cham, kupenda. Hicho ni kitenzi, bana. Unajibiwa "chamgei mising", na mising ni "sana", yaani kielezi. Mtoto mdogo wa Litein au Sotik hukiweka kielezi chake mahali pake bila kukosea. Tena Kipsigis huanza sentensi kwa kitenzi, ndipo mtendaji afuate. Huyo mtoto tayari anatofautisha tendo na mtendaji, hajui tu yanaitwaje kwa Kiingereza. Mwalimu angeanzia hapo, kisha amwonyeshe kwamba Kiingereza humtanguliza mtendaji, somo lingeingia kabla ya kengele.

Badala yake tulipewa fasili: noun ni jina la mtu, mahali au kitu. Nikaandika kwamba water ni noun, nikapata tiki. Wiki iliyofuata sentensi ikawa "Water the seedlings." Nikajibu noun tena, nikachapwa. Hakuna aliyetuambia kwamba Kiingereza hulipa neno lilelile kazi mbili bila kulibadilisha sura, na kwamba aina ya neno inaamuliwa na kazi yake kwenye sentensi. Kiswahili kingetuokoa: maji ni nomino, mwagilia ni kitenzi. Unaona wazi.

Wala hili si wazo geni. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa matatu ya kwanza. Hiyo ni kabla wazazi wa wengi wetu hawajaoana! Lakini bado utasikia mzazi akisema mtihani hauji kwa Kipsigis. Sawa, hauji. Ndiyo sababu mtoto aingie kwenye Kiingereza akisimama juu ya kitu anachokijua, badala ya kukariri hewa.

Na kile kitisho chenyewe kimechina. Mei 2023 watu waliandamana Kericho, mashine za kuchuna chai zikachomwa, kwa sababu zilikuwa zinawala kazi. Hata hayo majani tuliyotishiwa nayo hayatungoji tena.

Mama alichuna majani mawili na chipukizi, jani gumu akaliacha, siku nzima, bila kusimama kufikiri. Kwenye mtihani kazi hiyo inaitwa kuainisha. Mtoto wake akafundishwa kuionea aibu.

Mwalimu, kesho ukiingia darasani, anza na "Chamgei". Watakujibu kwa kielezi. Endelea kutoka hapo.