MKUPUO UKIHARIBIKA



Wenzetu wa Bungoma, ambako kiwanda cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978, wanajua kwamba mpishi wa sukari alitazama chembe juu ya kioo, akaamua. Siku hizi, huko na kwetu Kitale kwenye maziwa, kompyuta inazidi kushika kazi hiyo. Ndani yake mna resipi: kiasi, joto, dakika.

Maziwa yanayopashwa moto tangini hutakiwa digrii 63 kwa dakika 30. Mtu wa ofisini akiandika 53, mashine itatii tu. Na anayeitwa kujieleza ni nani? Aliyekuwa zamu!

Basi tujue jambo moja ambalo hata mafundi husahau. Mkupuo unapoanza, programu nyingi hutoa nakala ya resipi kuu. Resipi kuu ikisahihishwa baadaye, nakala inayopikwa haibadiliki. Watu husema mashine imekaidi, kumbe inafuata karatasi ya zamani. Tena programu nzuri huandika nani alibadili namba, na saa ngapi.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu 19, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara isiyotokana na makusudi ya mfanya kazi. Kifungu 41 chakupa haki ya kusikilizwa ukiwa na mwenzako au mjumbe wa chama kabla ya kufukuzwa kwa kosa.

Ukiitwa, dai kwanza kumbukumbu za mkupuo ule zichapishwe. Usitie sahihi kabla hatujazisoma pamoja.