"Ni Kweli" ya Asiyeelewa Si Kukiri

Vijana, hili tuliseme wazi. Kila mtaa una kijana aliyeanguka na boda, akaumia kichwa, akapona. Anatembea, anacheka na watu. Lakini nyumbani wanajua si yule wa zamani: anasahau alichoambiwa asubuhi, hasira zi karibu, ukimuuliza maswali mfululizo anaitikia "ndiyo" ili umuache. Mwengine ana kifafa. Baada ya kuanguka huzubaa, akiitwa haitiki. Mwengine ana usonji. Akishikwa ghafla hutoka mbio.

Sasa mweke kijana huyo mbele ya askari usiku. Asiyeitika anaonekana jeuri au amelewa. Anayekimbia anaonekana ana hatia. Akifikishwa kortini, anasomewa shtaka, anajibu: "Ni kweli." Basi, ameshapatikana na hatia. Hakuna aliyejua, maana ulemavu wa ubongo hauna gongo wala kiti cha magurudumu.

Sheria haitaki hivyo. Katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema mshtakiwa aelezwe shtaka na vipengele vyake vyote kwa lugha anayoielewa kabla ya kuandikwa kuwa amekubali. Na Kifungu cha 50(7) cha Katiba kinairuhusu korti kumpa mshtakiwa mtu wa kumsaidia kuwasiliana nayo. Lakini hakimu hawezi kujua asichoambiwa. Lazima mtu aseme.

Mtu huyo ni wewe. Ndugu au rafiki yako akishikwa, nenda stesheni mapema na kadi yake ya kliniki au karatasi za hospitali. Mwambie OCS hali yake, uombe iandikwe kwenye OB. Kortini, mwambie wakili wake, au karani kama hana wakili, kabla hajajibu shtaka: huyu ana ulemavu, aonwe na daktari, apewe wa kumsaidia. Na kama ameshasema "ni kweli", usikate tamaa. Kabla ya kupewa kifungo anaweza kuomba kubadilisha jibu lake.

Hatusemi mwenye kosa aachiliwe kwa sababu ni mgonjwa. Tunasema aulizwe kwa namna atakayoelewa. Ukimfunga asiyejua alichokubali, umemdhulumu yeye, na umemdhulumu pia aliyeibiwa, maana huenda mwizi wake bado yuko nje.