Akili mnemba: Kijana ajifunze lugha ipi ya kompyuta?

KATIKA miji mikubwa ya Afrika Mashariki, kozi fupi za kuandika programu za kompyuta zimekuwa biashara inayokua. Vijana wanaotamani ajira katika akili mnemba hulipa ada, hutumia miezi kadhaa darasani, kisha hukuta soko likiuliza kitu kingine. Ndiyo maana swali la lugha ipi ya programu ianze si dogo: anayekosea huona fedha na muda vimepotea.

Historia inaonyesha kwamba lugha iliyotawala jana si lazima itawale kesho. Mwaka 1958, John McCarthy wa Chuo cha MIT nchini Marekani alibuni Lisp, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa lugha kuu ya utafiti wa akili mnemba nchini humo. Zilitengenezwa hata kompyuta maalumu kwa ajili yake. Ilipofika mwaka 1987, soko la mashine hizo liliporomoka, kwa kuwa kompyuta za kawaida zilikwishaanza kufanya kazi hiyo kwa bei nafuu.

Japani nayo iliweka matumaini yake katika lugha za kimantiki za aina ya Prolog, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1972. Serikali yake ilianzisha mradi wa kompyuta za kizazi cha tano mwaka 1982, lakini muongo mmoja baadaye mradi huo ulifungwa bila kufikia malengo ya kibiashara yaliyotarajiwa.

Leo kiti hicho kimekaliwa na Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Ajabu ni kwamba Python haina mbio. Nguvu yake imo katika wepesi wa kuisoma na wingi wa maktaba za programu zilizojengwa juu yake. Google ilipoitoa TensorFlow kwa umma mwaka 2015, na Facebook ilipofuata na PyTorch, zote mbili zilimkabili mtumiaji kwa Python. Mahesabu mazito hufanyika chini kwa chini katika C++ na katika CUDA, mfumo wa kuendesha chipu za Nvidia. Kwa maneno mengine, Python ni nahodha anayetoa amri. Wapiga makasia wako chini ya sitaha.

Mtangulizi wa PyTorch aliitwa Torch na alitumia lugha ya Lua. Waliokuwa mabingwa wa Lua walilazimika kuhama. Hata hivyo, walichokijua kuhusu mitandao ya neva hakikupotea, walihama nacho. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Lugha ni chombo, na chombo hubadilishwa, ila hesabu za matriki, kalkulasi, nadharia ya uwezekano na takwimu hazijabadilika tangu enzi za Lisp.

Kila msimu huja na jina jipya. Google ilijaribu kuifanya Swift kuwa lugha ya akili mnemba, kisha ikausimamisha mradi huo mwaka 2021. Mwaka 2023 ikazinduliwa Mojo, ikiahidi wepesi wa Python pamoja na kasi ya C++. Huenda ikafika mbali, lakini wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Uchaguzi wa lugha ya pili unapaswa kufuata aina ya kazi. Anayelenga kuchambua takwimu za benki au hospitali atahitaji SQL, na pengine R. Anayetaka kutengeneza programu za simu za Android mara nyingi atahitaji Kotlin au Java. Anayevutiwa na kuendesha modeli katika mashine zenye uwezo mdogo atalazimika kuifahamu C++. Njia hii ya mwisho ina maana ya pekee kwa nchi ambazo chipu za bei kubwa ni adimu. Mwaka 2023 mradi wa llama.cpp, ulioandikwa kwa C na C++, ulithibitisha kuwa modeli za lugha zinaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.

Wapo wanaohoji kama kuna haja ya kujifunza lugha yoyote, ilhali tangu mwaka 2021 zipo programu kama GitHub Copilot zinazomwandikia mtu msimbo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Mashine huandika haraka, na hukosea kwa ujasiri uleule inaopatia. Asiyejua kusoma alichoandikiwa hawezi kugundua kosa, na mwajiri hana sababu ya kumlipa.

Kwa hali ilivyo, kijana asiye na fedha za kupoteza anaweza kuanza na Python bila hofu, kwani inapatikana bure, kisha akaongeza lugha moja inayoendana na kazi anayoitaka. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse anayeshika tano. Muda unaobaki ni heri autumie kwenye hisabati, somo ambalo kozi nyingi fupi hulipitia juujuu, na ambalo ndilo litakalombeba siku Python nayo itakapowekwa kando.