Baridi ya Njombe Inasingiziwa

Kila kipupwe kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, hurudiwa mkoani Njombe, majumbani, sokoni na hata mimbarini, kauli kwamba pumu ni ugonjwa wa baridi, na kwamba mgonjwa akivaa sweta mbili, akafunga madirisha na kuota moto atakuwa salama, na hali ikizidi ahamie Dar es Salaam. Kauli hii ni ya uongo, inadhuru watu, na imevumiliwa kupita kiasi.

Kama baridi ingekuwa ndiyo chanzo cha pumu, mji wa Njombe, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, ungejaa wagonjwa watupu, na Tanga, Zanzibar na Maskati zisingekuwa na hata mmoja. Kosta Rika, nchi ya joto, ilionekana katika utafiti wa kimataifa wa miaka ya 1990 kuwa miongoni mwa nchi ambazo watoto wake wanaugua pumu kwa wingi. Kinyume chake, mji wa Davos huko Uswisi, wenye theluji na mwinuko wa takriban mita 1,560, umepokea kwa miongo mingi wagonjwa wa pumu waliopelekwa kwa makusudi wakapumue vizuri, kwa sababu utitiri wa vumbi, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huishi magodoroni na kinyesi chake huamsha pumu, haustawi katika hewa kavu ya milimani. Hustawi katika unyevu wa pwani, kulekule anakoshauriwa mgonjwa kuhamia.

Pumu ni uvimbe wa muda mrefu wa mirija ya hewa, ambayo ikikutana na kichochezi, yaani kitu chochote kinachoamsha shambulio, hubana na kujaa ute. Hewa baridi ni kichochezi kimojawapo tu, pamoja na moshi, vumbi, mafua, chavua, manukato, mbio na hata kicheko kirefu, na vichochezi hivi havina ratiba, kwani kisichomdhuru mgonjwa leo kinaweza kumkaba kesho. Mnamo tarehe 21 Novemba 2016, siku ya joto kali, dhoruba iliyotawanya chavua za nyasi iliwapeleka hospitalini maelfu ya watu mjini Melbourne, Australia, na watu 10 wakafariki.

Makambako, mkoani Njombe, haihitaji dhoruba ya namna hiyo. Ni mji wa upepo, wa reli ya TAZARA, wa njia panda ambapo barabara ya Njombe na Songea huachana na ile ya Mbeya, na wa malori yanayotoa moshi mweusi huku vumbi la mbao zinazopasuliwa likiwaingia mapafuni wafanyakazi ambao wengi hawana hata kitambaa cha kuziba pua. Hakuna anayewadai wenye malori wala wenye mashine za mbao jambo lolote, kwa kuwa lawama zote zimekwisha kubebeshwa baridi.

Ushauri wa kuota moto ndio mbaya kuliko yote, maana jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa humletea mgonjwa kichochezi hadi kitandani, na tena hutoa kabonimonoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua hata asiye na pumu. Hujibiwa kwamba bibi alipika kwa kuni miaka sabini bila kuugua. Hoja hiyo ni ya aibu, kwani bibi mmoja aliyenusurika hasemi lolote kuhusu wajukuu wanaokohoa usiku kucha jikoni mwake.

Imani kwamba pumu ni ugonjwa wa baridi huharibu pia matibabu. Salbutamoli ya kuvuta hufungua mirija kwa saa chache, lakini uvimbe hutulizwa na dawa za steroidi za kuvuta, ambazo hutumiwa kila siku hata mgonjwa anapojisikia mzima. Anayeamini kwamba adui yake ni baridi huziacha Oktoba jua likiwaka, kisha mafua ya Novemba humkuta hana kinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa hizi hazipatikani kwa urahisi, na wanaohubiri sweta wanawapokonya watu hata zile chache zilizopo.