Picha ya eksirei bila msimbo ni nusu ya habari

Leo tuache simu na tovuti, twende Livermore, California. Huko kuna National Ignition Facility, ambako miale 192 ya leza hufyatuliwa ndani ya kikopo kidogo cha metali. Kuta zake hutoa eksirei, nazo hukibana kidonge cha hidrojeni chenye upana wa milimita 2 hivi. Tarehe 5 Desemba 2022 leza ziliingiza megajuli 2.05, na muunganiko wa atomi ukatoa 3.15.

Sasa swali la fundi: nani aliona? Kiini kinachowaka kina upana unaokaribia wa unywele, na huwaka kwa pikosekunde 100 hivi. Kwa muda huo mwanga wenyewe husafiri sentimita 3 tu!

Lenzi ya kioo haikusanyi eksirei, basi hutumika tundu, ujanja ule ule wa chumba cha giza aliouchunguza Ibn al-Haytham miaka elfu moja iliyopita. Tundu likiwa dogo, picha ni safi lakini eksirei zinazopita ni haba. Likiwa pana kuliko kiini, zinapita tele ila picha ni ukungu mtupu, na habari imejificha ukingoni mwa kivuli. Programu ndiyo huirudisha kuwa umbo.

Hapo ndipo mimi, mwandishi wa programu, natega sikio. Kuondoa ukungu si kufuta vumbi dirishani. Mtu huchagua picha ilainishwe kiasi gani. Ikilainishwa kidogo mno, chenga za kamera hugeuka vinundu. Ikizidishwa, kasoro ya kweli hufutika. Na umbo hilo ndilo huwaambia wahandisi kama kidonge kilibanwa sawa pande zote. Likiwadanganya, watarekebisha kisichoharibika.

Msimamo wangu basi: picha kama hii ikichapishwa, itoke pamoja na data ghafi na msimbo. Najua maabara hiyo ilijengwa pia kwa ajili ya utunzaji wa silaha za nyuklia, na siri hizo zibaki siri. Lakini programu ya kuondoa ukungu si bomu. Waliotoa picha ya shimo jeusi la M87 mwaka 2019 walitoa data na programu zao, wengine wakakokotoa upya na hata kubishana nao. Ndivyo sayansi inavyokaguliwa, hata na mwanafunzi wa Eldoret mwenye kompyuta moja.

Au nyinyi mwaonaje?