Vyuo Vikuu Visiwaache Mabinti wa Tarime na Serengeti

Kila unapokaribia mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, hofu huingia katika nyumba nyingi za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Huo ndio msimu wa ukeketaji miongoni mwa koo za Wakurya, na huwa mkali zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Binti aliyemaliza mtihani wa darasa la saba Septemba hujikuta amepangiwa siku ya kukatwa. Wapo wanaokubali kwa kuchelea kuitwa msagane, jina la dhihaka analopewa asiyekeketwa. Wapo pia wanaotoroka usiku kwa miguu kutafuta hifadhi Masanga, wilayani Tarime, au katika Nyumba Salama ya Mugumu, wilayani Serengeti.

Ndugu msomaji, sheria haikukosekana. Tangu mwaka 1998 kumkeketa mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini, au vyote viwili. Hata hivyo, takwimu za taifa za afya ya uzazi zinaonyesha mwendo wa kinyonga. Katika utafiti wa 2015/16, asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 28, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa 8.

Tunauliza basi: wasomi wetu wako wapi? Chuo kikuu ndiko wanakotoka hakimu, daktari, mwalimu na afisa ustawi wa jamii, yaani watu wale wale ambao binti wa Tarime atawakimbilia siku ya shida. Wakitoka chuoni bila kuijua shida yake, watamrudisha mikononi mwa waliomkusudia kisu.

Wanasheria wana kazi iliyo wazi. Sheria yetu inamlinda mtoto, lakini mwanamke aliyetimiza miaka 18 haitaji. Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ilitunga sheria mahsusi mwaka 2011 inayowalinda hata watu wazima. Kwa kuwa Wakurya wanaishi pande zote mbili, mabinti huvushwa mpaka ili mkono wa dola usiwafikie. Vitivo vya sheria havina budi kuliandikia Bunge pendekezo la kuliziba pengo hilo, badala ya kuliacha lifie katika tasnifu za wanafunzi.

Mfano wa elimu iliyotoka darasani tunao. Vijiji vingi vya Serengeti havikuwa katika ramani yoyote ya kufaa, hivyo mwenye kwenda kumwokoa binti usiku hakujua njia. Tangu 2015, kupitia mradi wa Crowd2Map, watu wa kujitolea, wakiwamo wanafunzi wa vyuo vikuu, wamechora barabara na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti, na wenyeji wakaongeza majina ya vijiji. Waliochora wengi hawajapata kukanyaga Mugumu, lakini kazi yao inawasaidia wanaokwenda kuwaokoa mabinti.

Sisi Waislamu tusijifariji kwa kusema kwamba hayo ni ya Wakurya, ambao wengi wao si wa dini yetu. Ukeketaji umo pia Kondoa na Singida, kwenye misikiti na madrasa, na wapo wanaouvisha kanzu ya dini. Novemba 2006 wanazuoni wa nchi mbalimbali walikutana Al-Azhar, Cairo, wakatoa wito wa kuukomesha. Mwaka uliofuata Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar likatamka kuwa hauna msingi katika sharia. Chuo kikuu kilitimiza wajibu wake: kilitofautisha mila na dini, kikasema hadharani. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kinachofundisha walimu na wanasheria, kinaweza kuyafikisha maneno hayo kwa Kiswahili chepesi hadi kwenye mimbari za vijijini.

Lakini anayetaka kusafisha ua wa jirani aanze na wake. Hatujasahau kwamba mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume. Madawati ya jinsia vyuoni yasiwe kibao mlangoni tu. Mhadhiri anayedai rushwa ya ngono hana uso wa kumkemea ngariba.

Pendekezo letu ni jepesi. Mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wengi huangukia kati ya Julai na Septemba, miezi michache kabla ya msimu. Vyuo viwapeleke Tarime na Serengeti wanafunzi wa sheria, tiba, ualimu na ustawi wa jamii, wakae na wazee wa mila, ambao kauli yao ndiyo hufungua au kufunga msimu. Waende kwa adabu, wasikilize kwanza, kisha waeleze damu inayopotea na uzazi unaotatizika.

Na vijana wa kiume wa Mara waliosoma wana silaha ambayo hakuna semina inayoifikia. Binti hukatwa ili apate mume na baba apate ng'ombe. Siku kijana mwenye shahada atakapomwambia baba yake, mbele ya wazee, kwamba ataoa binti asiyekeketwa na atamlipia mahari kamili, soko la kisu litaanza kufungwa.

Sura ya At-Takwir inatukumbusha kuwa mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa kwa kosa gani aliuawa. Tujiandae nasi, tuliosoma na tuliosomesha, kuulizwa tuliifanyia nini elimu yetu wakati mabinti wanakimbia usiku.